Ulimwengu ulianza, au umekuwepo siku zote?

"Shikamoo Mwalimu. Ninasoma kidato cha sita, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), katika shule moja mjini Mtwara. Likizo iliyopita nilikuwa kwetu Lindi, na barazani kwa babu kukazuka ubishi uliokwenda hadi usiku. Mjomba alisema sayansi imeshathibitisha kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo, kwa hiyo anayekana kuwepo kwa Mungu hana tena pa kusimama. Kaka yangu anayesoma chuo Dar akamjibu kwamba nishati haiumbwi wala haiharibiwi, hivyo ulimwengu umekuwepo tangu na tangu, na kwamba darubini mpya ya James Webb imeshaibomoa habari ya Mlipuko Mkuu (Big Bang), kwamba ulimwengu ulitanuka kutoka hali ya joto kali. Wakaachana kwa hasira. Mimi nilinyamaza, maana sikujua nani yuko sahihi. Tangu siku ile nikilala nawaza: kama ulianza, kabla yake palikuwa na nini? Na kama haukuanza, imekuwaje tukafika leo? Usiku mwingine nakesha kabisa. Naomba unijibu kwa ukweli."

Marahaba, mwanangu. Ubishi wa barazani kwenu ulikolea kwa sababu maswali mawili yalifungwa kwenye furushi moja. La kwanza ni hili: je, ulimwengu huu tunaouona, wenye nyota na galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, umekuwa hivi siku zote? La pili ni zito zaidi: je, vyote vilivyopo, pamoja na wakati wenyewe, vina nukta ya kwanza? Swali la kwanza limejibiwa, na jibu lake ni imara sana. La pili halijajibiwa. Yeyote anayekuambia sayansi imelifunga, awe mjomba, kaka au profesa, anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Mjomba wako ana hoja na kaka yako ana hoja, ila kila mmoja amekwenda mbali kuliko ushahidi alioushika mkononi.

Tuanze na yanayojulikana. Kuanzia mwaka 1912 Mmarekani Vesto Slipher alipima nuru ya vitu vilivyodhaniwa wakati ule kuwa mawingu tu, ambavyo leo tunajua ni galaksi. Akakuta nuru ya vingi kati yao imesogea kuelekea wekundu, yaani mawimbi yake yamerefuka. Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyekuwa pia bingwa wa hisabati, alieleza sababu: nafasi iliyo kati ya galaksi inatanuka, na nuru inayosafiri ndani yake inarefushwa njiani. Miaka miwili baadaye Edwin Hubble, akitumia darubini ya Mount Wilson huko California, alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba galaksi iliyo mbali mara mbili inatukimbia kwa kasi mara mbili.

Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukua mpira ule wa kufungia mzigo kwenye bodaboda, utie alama za wino kila baada ya sentimita 1, kisha wewe na mwenzako muuvute kila mtu upande wake. Alama zilizokuwa jirani zitaachana kidogo, zilizokuwa mbalimbali zitaachana sana, na yote hayo kwa muda uleule mmoja. Ukijiweka kwenye alama yoyote, utaona nyingine zote zinakukimbia, ingawa wewe si katikati ya chochote. Ndivyo ilivyo kwa galaksi. Kwa hiyo usifikirie bomu lililolipuka mahali fulani ndani ya giza tupu na kurusha vipande huku na huko. Hakuna mahali unapoweza kunyooshea kidole ukasema mlipuko ulitokea pale. Ulitokea kila mahali: hapo ulipo Mtwara, na katika galaksi ya mbali kuliko zote. Na kinyume na inavyoandikwa mara nyingi, hatudai kwamba ulimwengu mzima ulikuwa mdogo kama punje. Tunachodai ni kwamba sehemu hii tunayoweza kuiona ilikuwa imebanwa mno na ina joto kali mno. Ulimwengu mzima unaweza kuwa hauna ukomo, na ukawa haukuwa na ukomo hata wakati ule.

Wazo la kaka yako, la ulimwengu wa tangu na tangu, halikudharauliwa na wanasayansi. Lilipewa nafasi yake ya haki. Vipimo vya kwanza vya Hubble vilileta umri wa takriban miaka bilioni 2 tu, pungufu ya umri wa miamba ya Dunia, jambo lisilowezekana. Wapinzani wa mwanzo walikuwa na sababu nzuri ya kupinga. Mwaka 1948 Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walitoa nadharia kwamba ulimwengu unatanuka kweli, ila mata mpya huzaliwa polepole kujaza nafasi, kwa hiyo sura yake haibadiliki milele. Ilikuwa nadharia safi, na uzuri wake mkubwa ni kwamba ilikubali kupimwa. Mwaka huohuo Ralph Alpher na Robert Herman walikokotoa kwamba, kama ulimwengu ulianza katika joto kali, basi mabaki ya joto hilo lazima yawepo hadi leo, yakiwa yamepoa hadi karibu nyuzi 5 tu juu ya sifuri halisi, yaani joto la chini kuliko yote. Nadharia mbili, kila moja ikisema tutaona kitu tofauti.

Jibu likaja kwa watu ambao hawakuwa wakilitafuta. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa Holmdel, New Jersey, na antena kubwa ya kupokea mawimbi ya redio. Ilikuwa na mngurumo usioisha. Waliigeuza kila upande, ukawa uleule. Walifukuza njiwa waliotaga humo na kusafisha kinyesi chao, ukawa uleule. Usiku na mchana, masika na kiangazi, ukawa uleule. Yalikuwa ni mabaki yaleyale: mawimbi ya mikrowevu yanayotufikia kutoka kila upande wa anga, yenye joto la takriban kelvini 2.7, sawa na nyuzi 270 chini ya sifuri kwa kipimo cha selsiasi. Nuru hiyo ilianza safari ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, ulipopoa kiasi cha elektroni kushikamana na viini vya atomi na kuiachia nuru njia. Babu yako bila shaka anazikumbuka zile televisheni za chogo, zilipokosa stesheni zikaonyesha chenga. Sehemu ndogo ya chenga zile ilikuwa nuru hii. Imekuwa ikiingia majumbani Lindi na Mtwara bila mtu kubisha hodi. Nadharia ya Hoyle haikuweza kuieleza, na hapo ikaanguka.

Ushahidi wa tatu nautaja kwa ufupi kwa sababu utaukuta kwenye kemia. Popote tunapopima gesi kongwe ambayo nyota hazijaichezea sana, tunakuta karibu robo ya uzito wake ni heliamu na robo tatu ni haidrojeni. Nyota hazijaishi muda wa kutosha kutengeneza heliamu nyingi hivyo. Ila ukikokotoa tanuru lililokuwepo katika dakika chache za kwanza, linatoa robo hiyohiyo.

Na kuna ushahidi usiohitaji darubini. Ukienda Msimbati usiku usio na mwezi, mbele yako ni bahari na juu yako ni weusi wenye nyota. Kama ulimwengu ungekuwa hauna ukomo, hautanuki, na nyota zimekuwa zikiwaka ndani yake milele, basi kila upande unaotazama jicho lako lingeishia kwenye uso wa nyota fulani, na mbingu nzima ingewaka kama Jua. Mjerumani Heinrich Olbers alilisisitiza jambo hili mwaka 1823. Giza la usiku lina maana kwamba angalau sharti moja kati ya hayo si la kweli.

Ukiweka vipimo vyote pamoja unapata miaka bilioni 13.8 tangu hali ile ya joto na msongamano mkubwa. Namba za namna hii hazimwingii mtu akilini kirahisi, hata sisi tunaozifundisha. Wewe wa Lindi una bahati ya kuwa na ngazi ya kupandia. Kilima cha Tendaguru hakiko mbali na kwenu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walifukua huko mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, yaani dinosaria, na mmoja wao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimamishwa hadi leo katika makumbusho huko Berlin, jambo ambalo watu wa kusini tuna haki ya kuendelea kuliulizia. Mijusi ile iliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Rudia muda huo wote mara 30 na unafika kuzaliwa kwa Dunia. Urudie mara 92 na unafika kwenye joto la mwanzo.

Sasa nimjibu kaka yako. Kuhusu darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, ni kweli imeshangaza watu. Imeona galaksi zilizokuwa tayari zinang'aa vizuri ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka milioni 300 hivi, mapema kuliko wengi walivyotarajia. Hilo limetikisa makadirio yetu ya jinsi galaksi zinavyojijenga, na kazi ya kuyarekebisha inaendelea sasa hivi. Ila tunajuaje kwamba galaksi hizo ni za wakati ule? Kwa sababu nuru yake imerefushwa karibu mara 15 na kutanuka kwa nafasi. Huwezi kutumia kutanuka kuthibitisha kwamba galaksi ni ya kale, halafu ukaitumia galaksi hiyohiyo kudai kutanuka hakukuwepo. Vichwa vya habari vilivyosambaa mitandaoni viliandikwa na watu waliotaka kubofywa.

Kuhusu nishati, kanuni aliyoitaja ni ya kweli, lakini inasema kitu kidogo kuliko anavyodhani. Inasema kwamba kati ya saa hii na saa ile jumla ya nishati haibadiliki. Haisemi saa zenyewe zimekuwepo kwa muda gani. Tena mwaka 1918 mwanahisabati Emmy Noether alionyesha kanuni hii inatoka wapi: inasimama pale ambapo mazingira ya jana na ya leo ni yaleyale. Katika ulimwengu unaotanuka, jana na leo si sawa, na nuru inayorefuka njiani inapungukiwa nishati kweli. Kwa hiyo huwezi kuichukua kanuni ya maabara na kuitandaza juu ya ulimwengu mzima ukadhani umemaliza kazi. Lakini usimcheke kaka yako. Swali alilokuwa akilitafuta, la kama kuna kitu kabla, ni swali halali.

Tulifuate basi. Ukizirudisha nyuma hesabu za Einstein za mvutano, msongamano unakua bila kikomo, na Roger Penrose na Stephen Hawking walithibitisha mwaka 1970 kwamba, kwa masharti fulani ya kawaida, hesabu hizo haziwezi kukwepa kufika kwenye nukta ambayo historia yote inakatikia. Vitabu vingi huishia hapo na kuandika: huo ndio mwanzo. Mimi nadhani huko ni kukimbilia jibu. Hesabu inapotoa namba isiyo na ukomo, mara nyingi inakuambia kwamba umeitumia nje ya eneo lake. Fizikia tuliyoijaribu kwa mikono yetu, kwenye mashine kubwa ya kugonganisha chembe ya maabara ya CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, inatufikisha takriban sehemu moja ya trilioni ya sekunde baada ya hiyo nukta. Nyuma ya hapo tunakwenda kwa makisio yenye nguvu inayopungua, na tukikaribia kabisa tunahitaji nadharia inayounganisha mvutano na fizikia ya kwantumu, ile ya chembe ndogo kabisa, na nadharia hiyo bado haijapatikana.

Yapo mawazo kadhaa yanayoshindana. James Hartle na Hawking mwaka 1983 walipendekeza kwamba ukirudi nyuma sana, wakati unapoteza tabia yake ya kuwa wakati, kwa hiyo hakuna "kabla" ya kuuliza. Ulimwengu una umri unaohesabika, ila hauna ukingo. Wengine, kama Paul Steinhardt na Neil Turok, walipendekeza kwamba kile tunachokiita mwanzo ni zamu moja katika mizunguko ya kusinyaa na kutanuka. Penrose naye, katika uzee wake, ametetea mizunguko ya namna nyingine. Wengine tena wanasema ulitangulia mfumuko wa kasi kupita kiasi, wazo la Alan Guth la mwaka 1981, na kwamba mfumuko huo unaweza kuwa unaendelea mahali pengine na kuzaa ulimwengu mwingi. Hata hivyo, mwaka 2003 Guth mwenyewe, pamoja na Arvind Borde na Alexander Vilenkin, walionyesha kwamba kitu ambacho kwa wastani kimekuwa kikitanuka hakiwezi kuwa kimetanuka milele huko nyuma. Mjomba wako angeipenda sana habari hiyo. Lakini inasema kutanuka kuna mwanzo. Kama kabla ya kutanuka palikuwa na hali nyingine, hilo hailigusi.

Ukiniuliza mimi binafsi, naegemea upande wa kwamba wakati tunaoujua ulianza. Mawazo ya mizunguko yanapata taabu kueleza kwa nini ulimwengu wetu ulianza ukiwa na mpangilio mkubwa hivyo, wakati kila mzunguko ungepaswa kuurithisha unaofuata vurugu zaidi. Hata hivyo naegemea tu, siapi. Na kwa swali lako la mwisho, kwamba kama haukuanza tumefikaje leo: hisabati hairuhusu kulitumia kama kikwazo cha moja kwa moja. Unapoona ni jambo lisilowezekana, umeshaweka kimyakimya mtu aliyeanza kutembea "kutoka mwanzo usio na ukomo", na katika ulimwengu usio na mwanzo hakuna mahali hapo pa kuanzia. Kila siku ya zamani utakayoitaja iko umbali unaohesabika kutoka leo.

Kwa mjomba nina neno la heshima. Kumtundika Mungu kwenye msumari wa nadharia ni hatari kwa imani yenyewe, kwa sababu nadharia hurekebishwa. Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu wa miaka elfu moja iliyopita, alifundisha kwamba ulimwengu unaweza kuwa wa milele na bado ukamtegemea Mungu kila nukta. Imam al-Ghazali alimpinga kwa nguvu, akitetea kwamba ulimwengu ulianza. Mwanafalsafa mwingine Mwislamu, Ibn Rushd, akaja kumjibu Ghazali. Thomas Aquinas, upande wa Kanisa, aliamini kwa imani kwamba ulimwengu ulianza, lakini akafundisha kuwa akili peke yake haiwezi kulithibitisha. Wote hawa walikuwa watu wa kusali. Na Lemaître, padri yuleyule wa kutanuka kwa nafasi, hakufurahi mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alipoihusisha sayansi hii na uumbaji. Alitaka nadharia yake ihukumiwe kwa vipimo tu. Hivyo mjomba hashindwi iwapo kesho itagunduliwa kwamba kulikuwa na kitu kabla, na kaka hashindi.

Nimeacha kukesha kwako mwishoni kwa makusudi, si kwa kulipuuza. Kuwaza mambo haya usiku ni hali ya kawaida kwa umri wako, na kunatokana na akili iliyo hai. Ila kama usingizi unakukimbia wiki baada ya wiki, chakula hakipiti, masomo yanayumba, au unaanza kuona maisha hayana maana, hapo hujahitaji tena maelezo ya galaksi. Nenda kwa mwalimu wa ushauri shuleni, au mwombe mzazi akupeleke hospitali ya Ligula uonane na daktari ana kwa ana, na umwambie wazi kwamba hulali. Kama kinachokuuma ni imani, kaa na sheikh au padri unayemwamini, mtu mwenye subira ya kusikiliza swali hadi mwisho kabla ya kulikemea. Mimi kwa maandishi siwezi kuona uso wako.

Na likizo ijayo usikae kimya barazani. Nenda na karatasi. Mwombe mwalimu wako wa fizikia akusimamie hesabu hii kwanza. Galaksi zinatukimbia kwa kasi ya takriban kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki 1 ya umbali, na megaparseki 1 ni kilomita 3.09 × 10¹⁹. Gawanya umbali kwa kasi, utapata sekunde 4.4 × 10¹⁷. Gawanya tena kwa sekunde za mwaka, milioni 31.5 hivi, utapata karibu miaka bilioni 14. Mwonyeshe mjomba na kaka wakiwa wamekaa pamoja.

Kisha urudie kwa kutumia 67, kasi inayotokana na ile nuru ya kale ya mikrowevu, halafu 73, inayopatikana kwa kupima nyota na galaksi za karibu. Utapata bilioni 14.6 na bilioni 13.4. Hapo hutakuwa umekosea. Majibu yote yanatoka tofauti kidogo na 13.8 kwa sababu kasi ya kutanuka haikuwa ileile siku zote: ilipungua kwanza, kisha ikaanza kuongezeka, jambo lililogunduliwa mwaka 1998. Na ile tofauti kati ya 67 na 73 ni mgogoro halisi ambao haujasuluhishwa, na darubini ya James Webb ni miongoni mwa vyombo vinavyotumika kuuchunguza. Huo ndio mjadala ningependa kaka yako aufuatilie, na ukikwama kwenye hesabu niandikie tena.